Kuvuta Mshipi Nyuma ya Ukuta: Blithe Spirit katika Ukumbi Wetu

Kwa siku nne mfululizo, mwezi wa Novemba, kazi yangu ya jioni ilikuwa kusimama gizani nyuma ya ukuta wa plaiwudi, mishipi mitatu ya kuvulia samaki ikiwa imezungushwa kwenye vidole vyangu, nikisubiri neno fulani litamkwe jukwaani ili nivute na kuangusha chombo cha maua. Nilikulia Tanga, ambako babu yangu mzaa mama aliutumia mshipi kama huohuo kutafutia changu na tasi, na sina shaka kwamba angeniuliza kama nina akili timamu lau angeniona nikiutumia kuvunjia vyombo. Lakini ndiyo kazi niliyopewa na kikundi cha waigizaji wa ridhaa cha mji mdogo wa pwani ya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, ninakoishi sasa, na mchezo wenyewe ulikuwa Blithe Spirit, komedi ya Noël Coward kuhusu mwanamume anayerudiwa na mke wake aliyekufa.

Sikujiunga nao kwa mapenzi ya sanaa. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniona nikipigilia misumari rafu ya vitabu mbele ya mlango wangu, akaniuliza kama ninaweza kutengeneza jiko la ukutani la uongo, lile la kuotea moto, lenye rafu juu yake. Nikasema naweza. Sikujua wakati huo kwamba katika dakika za mwisho za mchezo huo jiko lile lina kazi kubwa kuliko mwigizaji yeyote.

Kwa asiyeujua mchezo, kisa chake hakina mizunguko mingi. Charles Condomine ni mwandishi wa riwaya anayeishi Kent na mke wake wa pili, Ruth. Anataka kuandika riwaya yenye mhusika anayezungumza na wafu, na ili ajipatie istilahi na mbinu za kazi hiyo anamwalika chakula cha jioni Madame Arcati, mwanamke wa jirani anayetembea kwa baiskeli, anayeandika vitabu vya watoto, na anayewasiliana na ulimwengu wa pili kwa kupitia roho ya mtoto aitwaye Daphne. Daktari Bradman na mkewe wamealikwa pia, na wote wanne wamejiandaa kumcheka mgeni wao kichinichini. Taa zinazimwa, santuri ya wimbo wa Irving Berlin uitwao Always inawekwa kwenye gramafoni, meza inagonga, Madame Arcati anazirai, na muda mfupi baadaye Elvira, mke wa kwanza wa Charles aliyefariki miaka saba nyuma, anaingia sebuleni kutoka bustanini kana kwamba alikuwa ametoka kidogo kupunga upepo. Charles peke yake ndiye anayemwona na kumsikia.

Coward aliuandika mchezo huu mwezi wa Mei 1941 katika kijiji cha Portmeirion, Wales, alikokwenda kujitenga baada ya mabomu ya ndege za Ujerumani kuyaharibu makazi yake ya London, na kazi yote ilimchukua kama wiki moja. Ulionyeshwa kwanza Manchester, kisha ukafunguliwa katika ukumbi wa Piccadilly, London, tarehe 2 Julai 1941, na watu waliohudhuria siku hiyo walipita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye kifusi cha shambulio la karibuni ili waingie ndani kuchekea mauti. Mchezo ukaendelea kwa maonyesho 1,997, rekodi ya West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo za London, kwa mchezo usio wa nyimbo ambayo ilidumu hadi mwaka 1957, ilipovunjwa na The Mousetrap wa Agatha Christie. Nilipoisoma historia hii kwa mara ya kwanza nilijiuliza ni watu wa namna gani wanaoweza kwenda kucheka kisa cha marehemu wakati majirani zao wamezikwa juzi. Jawabu nililipata nilipousikiliza mchezo wenyewe kwa wiki sita za mazoezi: hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayelia. Vita havitajwi. Elvira mwenyewe alikufa kwa moyo kusimama alipokuwa akicheka kipindi cha muziki cha redio ya BBC, wakati anapata nafuu ya homa ya mapafu. Coward alilijua alilokuwa akilifanya, na alieleza baadaye kwamba mchezo ungetiwa huruma hata kidogo tu, ungegeuka kuwa kisa cha majonzi.

Na kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa leo hawalihisi tena. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, familia nyingi za Kiingereza zilizopoteza vijana zilikwenda kwa waita mizimu kutafuta neno la mwisho, na watu wenye majina makubwa kama Arthur Conan Doyle walizunguka dunia wakiitetea imani hiyo. Kwa hiyo Madame Arcati hakuwa kioja kilichobuniwa. Kila mtu ukumbini alikuwa na shangazi au jirani aliyewahi kukaa kwenye meza kama ile. Wakati mchezo huu ukiendelea London, mwaka 1944, mwita mizimu mmoja halisi, Helen Duncan, alifikishwa mahakama ya Old Bailey na kufungwa miezi tisa kwa sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1951. Kwetu Tanganyika serikali hiyohiyo ilikuwa imetunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na nakumbuka nilivyotabasamu peke yangu nyuma ya plaiwudi nikifikiri kwamba bibi mmoja wa Pangani na Helen Duncan wangeweza kulinganisha hati zao za mashtaka.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu macho.

Kabla ya mazoezi kuanza niliamini kwamba kazi ngumu ni ya Elvira. Coward mwenyewe ameagiza kwamba kila kitu chake kiwe cha kijivu, nywele, ngozi, vazi na mikono, na mwenzetu aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa akifika saa moja na nusu kabla ya pazia ili apakwe rangi. Maleba yake, shela ya kijivu inayoburuta, ilimgharimu fundi wetu wa nguo majuma mawili. Nikadhani huo ndio mzuka: poda, kitambaa, na taa ya samawati inayomfuata. Jioni ya tatu ya mazoezi nikaelewa kwamba nilikosea. Elvira alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, amevaa jinzi na sweta, hana poda wala taa, na Ruth akapita kutoka mlangoni kwenda kwenye kochi. Alipomkaribia, akajikunja kidogo begani ili asimguse. Ni kitendo kidogo sana, ambacho sote hukifanya sokoni mara mia bila kufikiri, maana mwili una adabu zake. Mara hiyohiyo Elvira akaacha kuwa marehemu. Alikuwa mwanamke aliyesimama njiani.

Mwongozaji wetu akasimamisha mazoezi na kuweka sheria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja hadi mwisho: Ruth hamkwepi Elvira, Elvira ndiye anayemkwepa Ruth. Jicho pia lilikuwa na matatizo yake. Kitu kikisogea, jicho hukifuata, na mtu akisema kwa sauti pembeni yako, uso hugeuka wenyewe. Ilibidi Ruth apewe mahali pa kutazama kila wakati Elvira aliposema, na mwongozaji akabandika vipande vya utepe mwekundu ukutani, juu ya mlango, kwenye ubavu wa piano na kwenye taa ya mezani, ili macho yawe na kazi halali ya kufanya. Mwenzetu aliyeigiza Ruth, ambaye mchana ni karani wa zahanati ya meno, aliniambia kwamba wiki ile ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani na maumivu ya kichwa kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake. Wiki ya nne vipande vya utepe vikaondolewa. Alipokuwa akitazama mahali alipo Elvira, macho yake yalipita hadi kwenye pazia la nyuma, wala huwezi kuigiza jambo hilo kwa kukodoa. Lazima kweli uone lile pazia, mikunjo yake na vumbi lake. Tangu siku hiyo, hata Elvira akiwa na jinzi, nywele zilinisimama.

Kuna tukio moja ambamo haya yote yanakutana. Charles, aliyechoka kuitwa mlevi na mwendawazimu, anamwomba Elvira amthibitishie Ruth kwamba yupo. Elvira anachukua bakuli la maua na kulipeleka mpaka karibu na pua ya Ruth. Sisi watazamaji tunamwona Elvira amebeba bakuli. Ruth anaona bakuli linaelea. Hakuna ujanja wowote wa jukwaani hapo, hakuna waya wala mashine, na bado ukumbi mzima uliliona lile bakuli likielea, kwa sababu macho ya Ruth yaliyafuata maua bila kupanda hata mara moja hadi kwenye uso wa aliyeyashika. Filamu ya mwaka 1945, iliyoongozwa na David Lean, ilipata tuzo ya Oscar kwa athari maalumu za picha, na Elvira wake wa rangi ya kijani anapendeza kweli. Lakini mimi bakuli nililoliona kwa pauni nane za tiketi ya ukumbi wa kanisa silibadilishi kwa lile la Oscar.

Kichekesho kingine kikubwa cha mchezo ni cha masikio. Charles anamkaripia Elvira, Ruth anadhani ametukanwa yeye. Charles anamnyamazisha marehemu, aliye hai ananuna. Watazamaji wa Kent walicheka, nami nilicheka, ila nilicheka kwa sababu nyingine iliyonirudisha Tanga. Sisi tuna sanaa nzima ya kumwambia huyu ili asikie yule. Mtu anavaa kanga yenye jina lililochaguliwa kwa makusudi na kupita mara mbili mbele ya nyumba ya hasimu wake. Mwimbaji wa taarabu anaimba kwa ukumbi mzima, na mwanamke mmoja tu aliyesimama kwenda kutunza ndiye ajuaye kijembe kinamwelekea nani. Charles anafanya kinyume cha hayo. Anamwambia mtu waziwazi kabisa, na neno linamwangukia asiyekusudiwa. Ni mtu asiyejua kupasha hata kidogo, na ndiyo maana anaumia.

Nilipomsimulia dada yangu kisa hiki kwa simu, hakuonyesha mshangao wowote kwa mke kurudi kutoka kaburini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kaka, huyo mume ndiye mwenye makosa. Unamtajaje marehemu mbele ya mke wako, tena kabla ya chakula? Amemwita mwenyewe.” Nikamweleza kwamba hata hivyo aliyerudi ni mzuka. “Mzuka gani? Huo ni ukewenza,” akajibu, “isipokuwa hamna zamu.” Sijapata kusoma uchambuzi wa Blithe Spirit ulionipendeza kuliko huo. Elvira na Ruth hawagombani juu ya kifo. Wanagombana juu ya nani alipanga maua vizuri zaidi, nani ana ladha ya samani, nani amezoea kuamua saa ya chai, na nyumba ni ya nani. Elvira anataka Charles ampeleke kwa gari hadi Folkestone kutazama sinema, na mstari huo, ambao kwingineko pengine hupita kimya, huku kwetu ulipigiwa makofi kila siku kwa kuwa nusu ya watu walikuwa wameegesha magari yaliyotoka Folkestone jioni hiyohiyo. Mke mwenza anadai zamu yake ya matembezi. Kwa Mwingereza wa 1941, mume mwenye wake wawili sebuleni ni jambo lisilowezekana, na kicheko kinatoka hapo. Kwa mtu wa pwani yetu jambo hilo linawezekana sana, lina kanuni zake, na kicheko kinatoka kwa mume anayejaribu kuliendesha bila kujua hata kanuni moja.

Na hapa niseme jambo ambalo nilijivunia kidogo. Katika sehemu ya mwisho, Madame Arcati anapojaribu kuwarudisha mizuka kwao, inagunduliwa kwamba aliyewaleta hakuwa Charles, kama wote walivyodhani, wala yeye Arcati. Alikuwa Edith, mtumishi wa ndani, yule msichana mwenye haraka anayekimbia na sinia tangu pazia linapofunguliwa na ambaye hakuna anayemjali. Kiingereza kina neno moja tu kwa anayeita roho na kwa anayepandwa nazo, na nadhani ndiyo maana watazamaji wengi hawamshuku Edith mpaka dakika ya mwisho. Kiswahili cha pwani kinatofautisha. Mganga ni mganga. Anayepandwa na pepo huitwa kiti, na kiti anaweza kuwa mtu yeyote, mara nyingi msichana au mwanamke ambaye nyumba nzima imezoea kutomtazama. Jioni ya kwanza ya kusoma mchezo kwa pamoja, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki na chai mkononi, niliuliza mbona huyu binti wa sinia anatajwatajwa sana. Mwalimu mstaafu akaniambia kwa ukali ninyamaze, nisiwaharibie wengine.

Jina la mchezo limetolewa kwenye shairi la Shelley kuhusu ndege aimbaye angani, na nilishindwa kulitafsiri kwa kuridhisha. “Roho Kunjufu” inasikika kama jina la duka la dawa za asili. “Mzuka Mchangamfu” iko karibu zaidi, lakini mzuka kwetu hutokea ghafla njiani usiku na kutoweka, haukai kwenye kochi na kulalamikia mapazia. Pepo naye ana madai: anataka ubani, anataka nguo ya rangi fulani, na akina kibuki wa Unguja, wanaosemwa wametoka Bukini, yaani Madagaska, hutaka brandi. Elvira ana madai mengi kuliko wote hao ila hawezi kunywa wala kula, na katika nyumba ambayo Charles anachanganya vinywaji karibu kila tukio, huo ni ukatili wa mwandishi ambao sikuuona katika kusoma. Niliuona jukwaani, Elvira alipoisogelea meza ya chupa, akaitazama, akarudi.

Kuhusu Madame Arcati nitasema machache, kwa kuwa kila anayeandika kuhusu mchezo huu huandika juu yake. Margaret Rutherford, aliyemwigiza London mwaka 1941 na katika filamu, aliweka mfano ambao umewasumbua waliomfuata: hakumdhihaki. Angela Lansbury alipata tuzo ya Tony kwa nafasi hiyo mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu, akicheza ngoma yake ya ajabu kabla ya kuanguka usingizini. Mwenzetu alianza vibaya. Alikuwa akitumbua macho na kutetemesha mikono kama waganga wa vichekesho vya televisheni, na watu walicheka mazoezini kisha wakachoka. Mwongozaji akamwomba amfikirie Arcati kama fundi bomba aliyeitwa nyumbani kwa watu wasioheshimu mabomba. Jambo hilo lilimbadilisha. Akaingia, akavua glavu za baiskeli, akauliza meza iko wapi, akakataa nyama nyekundu kwa kuwa ana kazi baadaye, akapima mkondo wa hewa wa chumba kwa kidole. Nilimwona bibi mmoja wa Magomeni niliyempelekea mgonjwa utotoni, mwanamke asiye na maneno mengi, aliyeuliza kwanza nani atalipa nauli.

Sasa vyombo. Mchezo unahitaji kuvunjwa chombo kimoja mikononi mwa Elvira, kisha vingine vidondoke vyenyewe mwishoni, na kwa maonyesho manne pamoja na zoezi la mwisho la maleba, nilihitaji vyombo visivyopungua ishirini. Nilivinunua kidogo kidogo kwenye maduka ya mitumba ya hisani, na wauzaji wakaanza kuniwekea vibaya kuliko vyote. Kila kimoja nilikibandika karatasi ya gundi kwa ndani ili kipasuke bila kurusha vipande kwa walio safu ya mbele. Rafu ya juu ya jiko niliiwekea bawaba upande mmoja, ikishikiliwa na pini ya chuma. Picha ya ukutani ilining'inia kwenye msumari ambao kwa kweli ulikuwa mwisho wa mshipi wangu. Matundu ya mishipi niliyatoboa katikati ya maua ya karatasi ya ukutani, na kutoka safu ya tatu huwezi kuyaona. Tulikuwa tumelipa ada ya hakimiliki kwa kila onyesho, na mkataba haukuruhusu kugeuza neno lolote la Coward, ambaye alifariki mwaka 1973 lakini bado analindwa na sheria. Mwongozaji alipenda kuniambia kwamba chombo kikidondoka mapema nacho ni kugeuza maneno.

Maana mwisho wa mchezo uko hivi. Ruth naye amekufa: Elvira aliliharibu gari akitarajia Charles afe amfuate, na Ruth ndiye aliyelipanda. Karibu nusu ya sehemu ya mwisho wote wawili ni wa kijivu, wakizozana na kuchoshana, hadi Edith anaposaidia kuwafukuza. Hapo wanatoweka hata machoni pa Charles. Lakini wamo. Charles anabaki peke yake sebuleni, anawaaga wake zake hewani, anawaambia yote aliyoshindwa kuwaambia walipoonekana, nao wanajibu kwa kuvunja nyumba. Filamu ilibadilisha mwisho huu na kumuua Charles pia, jambo ambalo kwangu ni hasara tupu. Jukwaani anatoka salama, mwenye furaha isiyostahili, na kwa dakika zile mke wa kwanza ni mimi na mishipi yangu mitatu, na mke wa pili ni kijana wa sekondari aliyesimama upande wa dirisha na mishipi miwili.

Siku ya kwanza Ruth alipata taabu ambayo hakuna aliyeifikiria. Alikuwa amejizoeza kwa wiki sita kutomwona Elvira, na sasa, akiwa marehemu mwenzake, alitakiwa kumwona. Alimwambia Elvira maneno makali ya ufunguzi huku akilitazama pazia. Elvira akamshika kidevu taratibu na kumgeuza uso. Ukumbi ukaangua kicheko kirefu kuliko vyote vya jioni ile, na mwongozaji, aliyekuwa amejishika kichwa, akaamua kidevu kishikwe siku zote nne.

Siku ya mwisho taabu ilikuwa yangu. Charles alikuwa amefika kwenye maneno yake ya kuaga. Chombo cha kwanza kilidondoka sawasawa, kile cha dirishani kikadondoka. Likaja neno la chombo kikubwa cha buluu kilichokuwa katikati ya rafu, nikavuta, na mshipi ukakatika mkononi mwangu. Chombo hakikusogea. Charles akarudia sentensi yake kwa sauti ya juu zaidi, akikitazama. Nikajaribu kuingiza kidole kwenye tundu, hakikuingia. Kimya kile sikisahau. Ndipo Elvira, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa na rangi yake ya kijivu akisubiri kuja kuinama mbele ya watazamaji, akaingia. Hakukimbia. Alitembea kama alivyotembea jioni nzima, shela ikiburuta, akapita mbele ya Charles kwa umbali wa hatua moja, akanyoosha kidole kimoja na kukisukuma chombo.

Charles alikuwa amemwona Elvira tangu tukio la kwanza. Hakuwahi hata siku moja kufanya zoezi la kutomwona. Kutoka kwenye tundu langu nilikiona kichwa chake kikianza kugeuka kumfuata, kisha kikasimama. Macho yakapita katikati ya shela ile na kutulia kwenye mikunjo ya pazia la nyuma, palepale Ruth alipokuwa akitazama kila jioni, na akakisikia chombo kikivunjika kwa mshtuko wa mtu ambaye kweli hajaona mkono wa nani. Akakung'uta koti lake, akachukua kofia, akaaga, akatoka. Elvira naye akaondoka kwa mlango mwingine. Nikavuta mishipi miwili iliyobaki, picha ikaanguka, rafu ikafuata.